Jinsi Kilatini kilivyopoteza wakati ujao

Mwanafunzi wa Kifaransa hukaririshwa viishio vya wakati ujao: -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont. Ni nadra kuambiwa kwamba anachokariri ni kitenzi "kuwa na" kilichoganda mwishoni mwa kitenzi kingine. Je chanterai, yaani nitaimba, ni chanter (kuimba) na ai (nina). Cantaré ya Kihispania na canterò ya Kiitaliano zimeundwa vivyo hivyo.

Kilatini cha Cicero kilisema cantabo, na umbo hilo halikurithiwa na lugha yoyote kati ya hizo. Kosa lilianzia kwenye matamshi. Katika karne za kwanza baada ya Kristo, b iliyo kati ya irabu ilisogea kuelekea v, hata cantabit (ataimba) ikawa haitofautiki na cantavit (aliimba). Jana na kesho zikasikika sawa! Kundi jingine la vitenzi nalo halikusalimika: dicit (anasema) na dicet (atasema) vilitenganishwa na irabu moja tu, na i fupi ikaelekea kwenye e.

Wasemaji wakakimbilia cantare habeo, "nina la kuimba", msemo ambao mwanzoni ulidokeza wajibu. Taratibu maneno mawili yakashikana. Ushahidi wa kale unaotajwa sana umo katika historia ya karne ya 7 inayohusishwa na Fredegar. Mfalme wa Uajemi aliyetekwa anatakiwa na Kaisari Justinian aachie majimbo. Anajibu kwa Kilatini safi, non dabo, sitatoa. Justinian anamkatiza: daras, utatoa! Eti ndiyo asili ya jina la mji wa Daras. Kisa ni cha kubuni, maana mji huo ulijengwa na Kaisari Anastasius kabla ya Justinian kutawala, lakini mwongo huyo ametuachia sarufi ya kweli ya zama zake. Mwaka 842, Louis Mjerumani alipokula kiapo mjini Strasbourg mbele ya jeshi la nduguye Charles, salvarai (nitaokoa) na prindrai (nitachukua) zilikuwa zimeshaganda.

Kireno ndicho kilichoacha mshono wazi. Dar-te-ei, nitakupa, huweka "wewe" katikati: kutoa, wewe, nina. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, kwa kuwa naye katika nitakupa humpachika mpokeaji tumboni mwa kitenzi. Kihispania cha kale nacho kiliruhusu kutenganisha, na Antonio de Nebrija, katika sarufi yake ya mwaka 1492, alikwisha kueleza kwamba wakati ujao wa lugha yake umejengwa kwa haber, yaani "kuwa na".

Kiromania hakikupita njia hiyo. Husema voi cânta, na voi inatokana na kitenzi cha kutaka. Hapo Kiswahili ni jirani yake wa karibu zaidi kuliko Kifaransa: -ta- ya nitaimba inaaminika kuwa mabaki ya -taka, na silabi iliyokatika bado ipo hai tunaposema atakayekuja. Warumi wengi walijenga kesho kwa kumiliki. Waromania na Waswahili kwa kutaka.

Umbo jipya nalo sasa linazeeka. Mitaani Ufaransa husikika zaidi je vais chanter, naenda kuimba, na Amerika ya Kusini voy a cantar. Wabrazili husema vou te dar, na kumwachia mwanasheria umbo lenye kiwakilishi katikati. Mei 2016 Michel Temer, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika urais wa Brazil, alitamka sê-lo-ia (ingekuwa hivyo) katika hotuba, umbo la masharti lililojengwa kwa ufundi uleule. Wananchi walimcheka.