Jembe la Hiari: Kazi ya Njia katika Mbulu na Hanang

Njia ya miguu ni mali ya wote. Kwa sababu hiyo ni rahisi isiwe jukumu la mtu yeyote. Yafaa basi tujiulize: ni nini kinachomfanya mtu ashike jembe kutengeneza mahali ambapo si shamba lake?

Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, wana asili yao ya karibu katika milima ya Irqwar Da'aw, jirani na mji wa Mbulu. Nchi hiyo ina miteremko mikali, nao huilima kwa matuta na kuirutubisha kwa samadi. Kazi inayozidi nguvu za nyumba moja hufanywa kwa slaqwe, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu, na mwenye kazi huwaandalia pombe. Mtafiti Lowe Börjeson alieleza mwaka 2004 kwamba kilimo hicho hakikutokana na watu kubanwa na maadui, kama ilivyodhaniwa zamani, bali kilijengwa kidogo kidogo kwa kazi ya kila siku.

Njia nayo hudai kazi ya namna hiyo. Ikiteremka moja kwa moja, maji ya mvua huigeuza mfereji, na baada ya misimu kadhaa mfereji huwa korongo. Dawa yake ni kuipitisha njia ubavuni mwa mlima, kukingamisha mawe, na kuchimba vijitaro vya kuchepusha maji. Kazi hii haihitaji fundi mkubwa. Huhitaji mikono mingi, irudiayo kila baada ya masika.

Ukoloni uliingiza jambo jingine: shuruti. Katika Tanganyika, Wajerumani na baadaye Waingereza waliwatumikisha watu kutengeneza barabara zisizokuwa chaguo lao. Mwaka 1930 Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Shuruti uliruhusu kazi ndogo ndogo za kijiji, kwa sharti kwamba wanakijiji au wawakilishi wao wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hizo zinahitajika. Sharti hilo ndilo kiini cha mjadala wetu. Mwaka 1955, huko Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Jembe lile lile, udongo wa mlima vilevile. Lakini Mbulu matuta yalikuwa ya wakulima, na Uluguru yalikuwa ya bwana shamba.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kazi za kujitolea zilipewa heshima ya kitaifa. Shule, zahanati na barabara nyingi za vijijini zilijengwa kwa nguvu za wananchi. Hata hivyo, mahali ambapo asiyefika kwenye msaragambo alitozwa faini, neno "kujitolea" lilibaki jina tu.

Leo suala hili lipo wazi katika Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,417. Wapanda milima huanzia Katesh na kufuata njia ya Jorodom, katika nchi ambayo Wadatooga na Wairaqw huishi pamoja. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilibomoa sehemu ya mlima. Tope na mawe vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walifariki. Vijitaro vya njia havingezuia msiba wa ukubwa huo. Lakini anayeupanda mlima kila msimu akiwa na jembe ndiye aionaye mapema nyufa mpya na maji yaliyobadili mkondo.

Mwalimu anapowapeleka wanafunzi kutengeneza njia, asiwape majembe kabla ya kuwapa sababu. Kwanza watembee, waone maji yanakopita, wawaulize wazee, kisha waamue wenyewe pa kuanzia. Njia iliyotengenezwa kwa amri hudumu kadiri msimamizi anavyosimama. Iliyotengenezwa kwa hiari hupata watu wa kuirudia.