Namba Iliyojifanya Pointa

Leo tuongee kuhusu taima za kerneli ya Linux.

Kwa miaka mingi taima ilibeba vitu viwili pamoja: anwani ya fankisheni itakayoitwa muda ukifika, na namba tupu ambayo fankisheni hiyo ingepewa. Waandishi wa draiva waligeuza pointa ya data yao kuwa namba, kisha upande wa pili wakairudisha kuwa pointa. Kompaila ingesema nini? Namba ni namba. Simlaumu mtu, hata mimi chuoni nilifanya hivyo ili kompaila ininyamazie.

Ubaya ni kwamba mvamizi akifaulu kuandika juu ya taima kwenye memori, anajichagulia fankisheni na kitu cha kuipa. Mwaka 2017 Andrey Konovalov alionyesha hilo kupitia hitilafu CVE-2017-7308: taima iliita native_write_cr4, na ulinzi wa SMEP na SMAP ukazimwa.

Mwaka huohuo Kees Cook na wenzake walianza kurekebisha mamia ya sehemu. Toleo la 4.15 lilipotoka Januari 2018, ile namba haikuwemo tena. Fankisheni hupewa pointa ya taima yenyewe, na ukikosea aina, kompaila inakufokea mapema.