Mishumaa ya soya: Utambi, manukato na subira kabla ya kuuza

KUTENGENEZA mshumaa wa soya nyumbani ni kazi nyepesi machoni pa anayetazama tu. Nta huyeyushwa, manukato yakatiwa, mchanganyiko ukamiminwa katika gilasi yenye utambi, na baada ya saa chache kazi huonekana imekamilika. Matatizo hujitokeza mshumaa huo unapowashwa. Huenda moto ukafifia na kuzama katika nta yake wenyewe, ukapaa na kutapika masizi, au ukawaka vyema huku chumba kikikosa kunukia.

Kwa anayejitengenezea mishumaa ya kutumia nyumbani kwake, hasara ya kasoro kama hizo ni gramu kadhaa za nta. Kwa anayeuza, mambo ni mazito zaidi. Mteja atauwasha mshumaa huo mezani, pengine usiku umeme umepotea na watoto wamekwisha kulala. Gilasi ikipasuka kwa joto au moto ukipanda kupita kiasi, hasara haitakuwa ya nta tena. Ndiyo maana majaribio ni sehemu ya utengenezaji wenyewe, na mshumaa ambao haujawahi kuwashwa hadi mwisho wake hauwezi kuhesabiwa kuwa umejaribiwa.

Nta yenyewe

Nta ya soya hutokana na mafuta ya maharagwe ya soya yaliyotiwa haidrojeni hadi yakawa magumu katika joto la kawaida. Matumizi yake katika mishumaa yalianza kuenea nchini Marekani katika miaka ya 1990, na sababu mojawapo ilikuwa kutafuta kitu cha kushika nafasi ya nta ya parafini itokanayo na petroli. Mishumaa myeupe ya dukani ambayo Wakenya wengi huwasha umeme unapokatika kwa kawaida ni ya parafini.

Aina nyingi za nta ya soya inayomiminwa katika vyombo huanza kuyeyuka katika nyuzijoto 46 hadi 54 za Selisiasi. Ni nta laini, na ikishayeyuka huwa nzito kidogo kupanda katika utambi kuliko parafini. Kwa sababu hiyo, utambi uliofaa katika mshumaa wa parafini huenda usitoshe katika mshumaa wa soya wenye upana uleule. Anayebadilisha nta hana budi kuanza majaribio upya.

Kuchagua utambi

Kazi ya utambi ni kufyonza nta iliyoyeyuka na kuifikisha kwenye moto. Ukiwa mwembamba mno, moto hukosa chakula. Ukiwa mnene mno, moto hupokea nta nyingi kuliko unavyoweza kuiteketeza, na mabaki yake hugeuka masizi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 watu walilazimika kuzikata tambi mara kwa mara mshumaa ukiwaka. Mwaka wa 1825 Mfaransa Cambacérès alibuni utambi wa kusukwa, ambao hujipinda kadiri unavyowaka hadi ncha yake ikafika pembeni mwa moto na kuteketea.

Tambi za kisasa ni za pamba iliyosukwa, pamba iliyochanganywa na nyuzi za karatasi, au vipande vyembamba vya mbao. Nyingine huwa na kiini cha zinki cha kuzisimamisha wima. Tambi zenye kiini cha madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka wa 2003 kwa sababu ya sumu inayotoka zinapowaka. Anayenunua tambi zisizo na maelezo yoyote ana haki ya kumuuliza muuzaji zimetengenezwa kwa kitu gani.

Kipimo cha kwanza cha kuzingatia ni kipenyo cha gilasi kwa ndani, wala si urefu wake. Watengenezaji wa tambi hutoa majedwali yanayoonyesha utambi upi unafaa kipenyo kipi. Majedwali hayo ni mahali pa kuanzia tu. Njia ya busara ni kuchukua tambi tatu zinazofuatana kwa unene, yaani uliopendekezwa, mmoja mwembamba zaidi na mmoja mnene zaidi, kisha kutengeneza mishumaa mitatu inayofanana katika kila kitu kingine. Nta iwe ileile, manukato yaleyale, rangi ileile na gilasi za aina moja. Mambo mawili yakibadilishwa kwa wakati mmoja, haitajulikana ni lipi lililoleta tofauti.

Jaribio la kuwasha

Kabla ya kuwasha, utambi hukatwa ukabaki na urefu wa milimita 5 au 6. Mshumaa huwekwa juu ya sahani isiyoshika moto, mbali na dirisha lililo wazi, feni, mapazia na karatasi. Huwashwa kwa muda wa saa nne, huzimwa, huachwa upoe kabisa, kisha utambi hukatwa tena kabla ya kuwashwa upya. Mzunguko huo hurudiwa hadi nta iliyobaki chini iwe na kina cha sentimita moja hivi. Hapo jaribio hukomeshwa, kwa kuwa moto ukifika kwenye kitako cha gilasi unaweza kukipasua.

Katika kila mzunguko, jambo la kutazamwa ni dimbwi la nta iliyoyeyuka. Kanuni inayotumiwa na wengi ni saa moja kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo, kwa hivyo gilasi ya sentimita 7.5 huhitaji takriban saa tatu ili nta iyeyuke kutoka ukingo hadi ukingo. Kina cha dimbwi hilo kinachofaa ni milimita 6 hadi 12. Nta ikibaki imesimama pembeni kama kuta za kisima mizunguko mitatu ikishapita, utambi ni mwembamba. Dimbwi likifika ukingoni katika saa ya kwanza na kuzidi kina hicho, utambi ni mnene.

Moto wenyewe pia husema. Ulimi wa moto uliotulia, wenye urefu wa sentimita mbili hivi, ni dalili njema. Ukirukaruka pasipo upepo, ukatoa moshi mweusi, au ncha ya utambi ikaota kichwa cha kaboni kama uyoga, unene umezidi au manukato ni mengi mno. Gilasi nayo iguswe kwa uangalifu kila baada ya saa moja. Kuwa na joto ni kawaida, lakini ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, mshumaa huo haufai kuuzwa.

Hatari huwa kubwa zaidi kuelekea mwisho. Moto ukishuka ndani ya gilasi, joto hunaswa na kuta za kioo, na utambi uliokuwa mtulivu katika mzunguko wa kwanza unaweza kugeuka mkali katika wa nane. Anayejaribu kwa kuwasha mara moja au mbili tu haioni sehemu hiyo ya maisha ya mshumaa, ilhali mteja wake ataiona.

Mizani ya jikoni husaidia kujua mshumaa utadumu kwa muda gani. Mshumaa ukipimwa kabla na baada ya mzunguko wa saa nne na kuonekana umepungua gramu 20, basi unateketeza gramu tano kwa saa. Wenye gramu 200 za nta utawaka kwa saa zisizozidi 40. Hiyo ndiyo hesabu ya kuandika kwenye kibandiko, badala ya kubahatisha.

Manukato

Manukato hupimwa kwa uzito, si kwa kijiko wala kifuniko cha chupa. Nta nyingi za soya hubeba asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake, na kikomo cha kila nta hutajwa na mtengenezaji wake. Katika gramu 200 za nta, asilimia 6 ni gramu 12, asilimia 8 ni gramu 16, na asilimia 10 ni gramu 20. Kuzidisha hakuongezi harufu bila kikomo. Mafuta yasiyoshikika hutoka juu ya mshumaa kama jasho, huziba utambi na hata huweza kushika moto.

Kinachotumiwa ni mafuta ya manukato yaliyotengenezewa mishumaa. Marashi ya kujipulizia mwilini hayafai kamwe, kwa kuwa mengi huwa na alkoholi inayolipuka upesi. Vivyo hivyo, karafuu nzima, vijiti vya mdalasini na maua makavu ya asumini hupendeza kwa macho yakipangwa juu ya nta, lakini yakisogelea moto hugeuka tambi za ziada. Harufu ya mchaichai, karafuu au langilangi hupatikana kwa njia salama zaidi katika mafuta yake.

Nta huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, wala si juu ya moto moja kwa moja. Nyingi hutiwa manukato zikifika nyuzijoto 80 hadi 85, kisha hukorogwa polepole kwa dakika mbili. Jijini Nairobi, ulioko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yapata nyuzijoto 94, na bado yanatosha kwa kazi hiyo. Nta isiachwe jikoni bila mtu. Ikishika moto, haizimwi kwa maji kamwe. Gesi hufungwa na chombo hufunikwa kwa kifuniko cha chuma.

Harufu hupimwa mara mbili, mshumaa ukiwa umezimwa na ukiwa unawaka. Kuna mafuta yanayonukia sana chupani na kupotea kabisa motoni. Pua nayo huzoea harufu upesi, kwa hivyo anayejaribu hutoka nje kwa dakika kumi kisha akarudi, au humwita mtu ambaye hakuwapo wakati wa kutengeneza na kumwuliza anasikia harufu gani. Jaribio lifanywe katika chumba kidogo kwanza, halafu sebuleni.

Kukomaza

Kukomaza ni kuuacha mshumaa ulioganda ukae bila kuwashwa kwa siku kadhaa. Nta ya soya huendelea kujipanga na kuwa ngumu hata baada ya kuonekana imeganda. Watengenezaji wengi huipa wiki moja hadi mbili, ilhali parafini huhitaji siku chache tu. Mishumaa hufunikwa na kuwekwa mahali penye kivuli, mbali na jua.

Anayetaka kujua muda unaofaa mchanganyiko wake hutengeneza mishumaa mitatu siku moja, akauwasha wa kwanza siku ya tatu, wa pili siku ya saba na wa tatu siku ya 14. Wa 14 ukishinda kwa harufu, subira imelipa. Usipozidi wa saba, hana sababu ya kungoja. Utambi nao hujaribiwa baada ya kukomaa, kwani nta iliyokuwa ngumu zaidi haiwaki sawa na ile ya jana. Wengi huongeza manukato au kubadilisha utambi kwa sababu ya mshumaa waliouwasha kesho yake, wakarekebisha kosa ambalo halikuwapo.

Baridi na joto

Hali ya hewa ina neno lake. Katika baridi ya Julai maeneo ya nyanda za juu, nta hupoa ghafla, ikajitenga na kioo na kuacha mabaka. Kuzipasha gilasi joto kidogo kabla ya kumimina hupunguza tatizo hilo. Utando mweupe unaofanana na ukungu juu ya nta ni tabia ya soya na haudhuru uwakaji. Mombasa na miji mingine ya Pwani, tatizo ni kinyume chake. Mishumaa iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani inaweza kulainika na kumwaga mafuta kabla ya kumfikia mnunuzi.

Daftari

Haya yote hayana faida yasipoandikwa. Kila mshumaa wa majaribio hupewa namba, na daftarini huandikwa tarehe, aina na uzito wa nta, aina ya utambi, jina na uzito wa manukato, joto la kumimina, kipenyo cha gilasi, siku za kukomaa na yaliyoonekana katika kila mzunguko. Muuzaji akibadilisha nta, gilasi au manukato, ukurasa mpya hufunguliwa. Manukato mawili katika gilasi moja yanaweza kuhitaji tambi mbili tofauti.

Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na kinachookolewa. Mishumaa tisa ya gramu 200, yaani tambi tatu zikijaribiwa mara tatu kila moja, hutumia nta isiyozidi kilo mbili. Muda ndio ghali, kwa kuwa wiki mbili za kukomaza na siku kumi za kuwasha ni karibu mwezi mzima kabla ya mshumaa wa kwanza kuuzwa. Lakini haraka haraka haina baraka, na mteja anayeuweka mshumaa karibu na kitanda cha mwanawe hana njia ya kuujaribu kwanza. Anamtegemea aliyeutengeneza.