Desmosomu: kifungo cha seli

Desmosomu ni sehemu ndogo, ya mviringo, ambapo seli mbili jirani hushikizwa pamoja. Jina limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: desmos, yaani kifungo, na soma, yaani mwili. Kwa Kiswahili yafaa kuitwa kifungo cha seli. Neno kiungo lingeleta utata, kwa kuwa limezoeleka kwa goti, kiwiko na mfano wake. Kifungo ladokeza pia namna ya kushika: kama vifungo vya shati, desmosomu hushika nukta kwa nukta, si mpaka mzima wa seli.

Tando za seli hizo mbili hazigusani. Kati yake kuna mwanya wa nanomita 30 hivi. Mwanya huo huvukwa na protini za jamii ya kadherini, ziitwazo desmogleini na desmokolini. Kila protini hupenya utando wa seli yake. Ncha ya nje, inayopewa umbo thabiti na kalsiamu, hukamatana na ncha inayotoka seli ya pili. Ncha ya ndani hujishikiza kwenye bamba la protini nyingine, na bamba hilo hushikilia nyuzi za keratini zilizotanda ndani ya seli. Katika misuli ya moyo, nafasi ya keratini huchukuliwa na desmini. Kwa mpango huu, seli moja ikivutwa, mvuto husambaa kwenye seli nyingi na utando wake hauchaniki.

Ndiyo maana desmosomu ni nyingi katika ngozi na moyo, tishu zinazovutwa na kukunjwa kila mara. Madhara ya kuharibika kwake huonekana huko huko. Katika maradhi ya pemfigasi, kingamwili za mgonjwa hushambulia desmogleini. Seli za ngozi huachana, na malengelenge hutokea mdomoni na mwilini. Kasoro za kurithi katika protini za desmosomu huweza kudhoofisha misuli ya moyo na kuvuruga mapigo yake.

Desmosomu isichanganywe na miunganiko mingine. Muungano wa kubana huzuia vitu kupenya kati ya seli. Muungano wa vijia hupitisha ayoni na molekuli ndogo kutoka seli hadi seli. Hemidesmosomu, yaani nusu-kifungo, haishiki seli jirani, bali huishikiza seli kwenye tabaka lililo chini yake.