Nani Amemtuma? Vijana wa Dodoma na Mikutano ya Demokrasia Inayofadhiliwa

Novemba 2012, Ukumbi wa Kizota mjini Dodoma ulipokea Mkutano Mkuu wa CCM. Chama hicho kina mengi ya kulaumiwa, lakini mjumbe aliyepigiwa kura wilayani aliporudi kwao angeweza kuulizwa amesema nini. (Kama aliulizwa kweli, hilo ni suala jingine.) Kwa kigezo hicho cha mjumbe kuweza kuulizwa napima fursa wanazozikimbilia vijana wetu leo: mikutano ya kimataifa ya demokrasia inayolipia nauli, malazi na posho.

Programu ya serikali ya Marekani, Mandela Washington Fellowship, iliyopeleka huko vijana 500 wa Afrika mwaka 2014, iliweka mtindo unaoigwa na wengi: fomu ya Kiingereza, insha kuhusu nafsi yako, usaili. Anayechaguliwa ni mtu na wasifu wake. Hakuna aliyemtuma, hivyo hakuna wa kumdai taarifa. Mchujo wenyewe huanza mapema zaidi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na usaili wa viza mara nyingi hufanyika Dar es Salaam. Kwa kijana anayebeba magunia kwenye maghala ya Kizota, ufadhili "kamili" unaanza kwa gharama asiyoimudu, hata kama itarejeshwa baadaye.

Je, serikali ndiyo iwatume? Historia yetu inatahadharisha. Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, Dar es Salaam, Juni 1974, liliwakubali wajumbe wa serikali za Karibi na kuvifungia mlango vikundi vya upinzani vya huko; mwanahistoria C.L.R. James, mmoja wa walioliasisi wazo lake, akasusia. Dola ikishika orodha ya majina, wakosoaji ndio wa kwanza kukatwa. Sheria ya Baraza la Vijana ya 2015 ingeweza kutoa njia ya tatu, vijana kutumwa na vijana wenzao, ila miaka ikapita bila baraza kuundwa. Pengo hilo likazibwa na wafadhili, nao wana siasa za kwao: mwaka 2025 Washington ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, programu nyingi za namna hii ziliyumba kwa uamuzi ambao hakuna kijana wa Kiafrika aliyeupigia kura.

Hata hivyo, watumaji wapo. Vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vijana, vimesajiliwa, vina katiba, na huchagua mwenyekiti, katibu na mhazini. Vinajua kupiga kura na kudaiana hesabu kuliko waandishi wengi wa insha za maombi. Mwandaaji wa mkutano Geneva au Nairobi angeweza kutenga nafasi kwa mjumbe aliyechaguliwa na vikundi vya kata moja, amlipie pasipoti kabla ya safari badala ya kumrejeshea, na agharimie kikao cha siku moja Kizota ambapo mjumbe huyo atahojiwa, kwa Kiswahili, na waliomchagua.