Kilimia: wakati na mahali pa kukitazama

Kilimia ni fungunyota lililo wazi katika kundinyota la Ng'ombe. Kina nyota zaidi ya 1,000 zilizozaliwa pamoja katika wingu moja la gesi na vumbi, yapata miaka milioni 100 iliyopita, na zingali zinasafiri pamoja. Kiko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 440. Nuru inayomfikia mtazamaji leo ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593.

Jina lenyewe limetokana na kulima. Mkulima aliyekosa kalenda ya karatasi alikuwa na hii ya angani, na haikumdanganya. Wazulu na Waxhosa hukiita isiLimela, neno la mzizi uleule, na kwa Waxhosa mwezi wa Juni umepewa jina lake. Waarabu hukiita Thurayya, na ndiyo asili ya jina Thuraya ambalo wasichana wengi wa pwani na wa Oman wanalo. Wajapani hukiita Subaru. Nyota sita zilizo kwenye nembo ya magari ya jina hilo ni Kilimia hikihiki.

Vitabu vya falaki vilivyoandikwa Ulaya humwambia msomaji akitafute mwezi wa Novemba. Si uongo: kufikia tarehe 20 Novemba hivi, Kilimia huchomoza jua linapotua na kubaki angani usiku kucha. Lakini Novemba ya pwani ya Afrika Mashariki ni mwezi wa vuli, na mtu anaweza kukesha wiki nzima asione ila mawingu. Msimu wa kweli huku ni Januari na Februari, mvua zikiwa zimepumzika. Katikati ya Januari Kilimia hufika kilele chake mnamo saa mbili na nusu usiku, watoto wakiwa bado macho, nacho kinaonekana bila mtu kukatiza usingizi. Kila usiku hutangulia kwa dakika nne hivi, kwa hiyo mwezi ukipita kinakuwa kimetangulia kwa saa mbili. Katikati ya Desemba kilele ni saa nne na nusu usiku. Katikati ya Februari ni jioni, kabla giza halijaingia, na anayetoka nje saa mbili usiku hukikuta kimeanza kuteremka magharibi.

Anayekitazama kutoka Dar es Salaam au Nairobi aelekee kaskazini. Kikiwa kileleni, kwa Dar es Salaam kipo nyuzi 59 juu ya upeo, na kwa Nairobi karibu 65. Njia rahisi ya kukipata huanzia kwenye zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja katika kundinyota la Jabari, ambazo Januari hupita karibu na utosi. Fuata mstari huo kuelekea kaskazini-magharibi hadi nyota nyekundu-njano inayong'aa, Aldebaran, kisha endelea mbele. Jina Aldebaran ni la Kiarabu na maana yake ni mfuasi: huchomoza nyuma ya Kilimia kila siku, bila kukosa.

Anayekiona mara ya kwanza hudhani ni kiwingu kidogo cheupe. Asikikazie macho. Atazame pembeni yake kidogo, kwa kuwa ukingo wa jicho huhisi mwanga hafifu kuliko kitovu chake, na kile kiwingu kitaachana kuwa nyota moja moja. Umbo lake ni la upawa mdogo: Atlas na Pleione ndizo mpini, na Alcyone, iliyo angavu kuliko zote, ipo pale mpini unapokutana na bakuli. Picha za vitabuni zimepigwa kwa macho ya watu wa kaskazini, basi huku upawa huo umegeuzwa: kikiwa kileleni mpini huelekea kulia, na Merope hukaa juu ya Alcyone, kwa upande wa kushoto.

Darubini kubwa hukiharibu. Kilimia kimetanda karibu nyuzi mbili, sawa na miezi minne mipevu ikipangwa kwa safu, na kifaa chenye ukuzaji mwingi huonyesha kipande tu. Kinachofaa ni darubini ya mkononi ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50, viwiko vikiegemezwa ukutani au kwenye boneti ya gari. Hapo nyota sita za macho matupu huwa makumi, zenye weupe wa kibuluu. Galileo alipokielekezea chombo chake kidogo alichora nyota 36 na kuzichapisha mwaka 1610. Mwanafalaki Charles Messier alikiingiza kwenye orodha yake ya vitu vya angani mwaka 1769, kwa namba 45. Ukungu unaoizunguka Merope aliugundua Wilhelm Tempel akiwa Venice mwaka 1859. Ukungu huo ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, wala si mabaki ya kuzaliwa kwake: Kilimia kimekutana nalo njiani tu.

Taa za mji na mwezi mpevu ndio maadui wake. Nairobi mjini huonekana nyota nne au tano. Kilomita mia moja hivi kutoka hapo, Magadi, hali ni nyingine kabisa. Ufuo wa Jambiani, Unguja, una upeo wa mashariki usio na kizuizi, na jioni ya Desemba, giza likiingia, Kilimia huonekana kimeshapanda juu ya bahari, kaskazini kidogo mwa mashariki.

Mwishoni mwa Aprili, masika ikiendelea, huzama magharibi muda mfupi baada ya jua, kisha hakionekani kwa wiki tano hivi. Hurudi Juni alfajiri, wakati mvua zimekatika. Wa kwanza kukiona ni aliye nje mnamo saa kumi na moja na robo, uso ukielekea kaskazini-mashariki, mahali pasipo mti wala nyumba mbele yake.