Nyumba ya Mgeni katika Mji wa Mwata Kazembe

Kila mwaka mwezi wa Julai unapokaribia kwisha, hapa Kashikishi na Nchelenge huonekana wageni wengi wanaotafuta mahali pa kulala. Hawaji kwa ajili ya samaki wa Mweru. Wanakwenda Mwansabombwe, kusini yetu katika barabara ya Mansa, kutazama Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda; na kwa kuwa mji ule hauwatoshi wote, wengine hulala Mbereshi na wengine huja kwetu. Jambo hili la kiwanja cha ngoma na malazi ya mgeni lina historia ndefu katika bonde la Luapula, na ndani yake yumo mzee mmoja wa dini yetu anayestahili kukumbukwa.

Mji wa Mwata Kazembe haukujengwa kwa mawe kama miji ya pwani. Ulikuwa mji wa kuhama: Mwata akifariki, mrithi wake alijenga makao mapya karibu na ziwa dogo la Mofwe. Ua wa mfalme ulizungushiwa matete, na ndani yake mlikuwa na uwanja mpana; hapo ndipo palipopokelewa wajumbe na hapo ndipo palipochezwa. Mambo ya wageni yalikuwa na mkuu wake. Wareno waliofika zamani waliandika habari za mkubwa wa baraza aliyeitwa Fumo Anceva, ambaye wageni na wafanya biashara walipita mkononi mwake.

Lakini kupewa nyumba kulikuwa rahisi kuliko kupewa ruhusa ya kuondoka. Lacerda, mjumbe wa Wareno, alifika mwaka 1798 akafa kwa maradhi kabla ya kuonana na Mwata. Baada yake walikuja wafanya biashara wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, nao wakakawizwa hapo miaka 4 hivi, hata mwaka 1810.

Sasa tumfikie mzee wetu, Muhammad bin Saleh. Tarehe 21 Novemba 1867 Daktari Livingstone aliingia katika mji wa Mwata Mwonga, wiki mbili tu baada ya kuliona ziwa letu kwa mara ya kwanza. Aliyetoka kumlaki alikuwa Muhammad. Watu wake walipiga bunduki za furaha, yeye akamwongoza mgeni hata barazani kwake, kisha akampa kibanda cha kukaa mpaka atakapojenga chake. Livingstone alimwona kuwa mtu mweusi mnene, mwenye ndevu nyeupe kabisa na tabasamu la kupendeza. Siku chache baadaye mgeni aliitwa uani, akamkuta Mwata ameketi juu ya ngozi za simba na chui, na mbilikimo aitwaye Zofu akiwachekesha watu kwa michezo yake.

Yatupasa kutazama hali ya mwenyeji huyu. Alikuwa amekaa nchi hii zaidi ya miaka 10, akawaona Mwata wanne, wala hakuwa na ruhusa ya kwenda zake. Mtu aliyezuiliwa ndiye aliyemfungulia mwenziwe mlango, tena mwenziwe asiye wa dini yake. Livingstone, aliyekuwa na barua ya Sayyid Majid wa Unguja, alimwombea, na mwezi wa Desemba wakatoka pamoja. Mwaka 1871, Stanley alipofika Ujiji, Muhammad alikuwa miongoni mwa wakubwa wa mji ule.

Haifai kusimulia mema peke yake. Wafanya biashara wa pwani walikuja kutafuta pembe na shaba, na walichukua watumwa pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 wafanya biashara kutoka mashariki walimpiga Mwonga vita naye akauawa. Wageni waliopewa viwanja vya kujenga wakamwangusha mwenye mji. Watoto wetu wakisikia haya kwa jirani zao Walunda wasishangae, wala wasikane.

Mutomboko ilikuwa ngoma ya kutawazwa na ya ushindi vitani. Mwata Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba, aliifanya kuwa sherehe ya kila mwaka tangu 1971. Asubuhi huwa na mambo ya mila ya ukoo wa Mwata, ambayo si yetu. Kisha huchukuliwa kwa machela hata uwanjani, akacheza ameshika upanga na shoka, ngoma zikivuma.

Mji haukuhama tena, na kiwanja kinajulikana. Linalobaki kila Julai ni malazi. Mwislamu atokaye mbali, akifika jioni na baridi ya ziwa, huuliza kwanza maji ya kutawadha, kisha chakula asichokitilia shaka, kisha mkeka. Baraza ya Muhammad bin Saleh ilikuwa ya miti na udongo tu, tena katika mji usio wake.